Taa za Kichwani mwa Furaha

Panya alilala chini ya kitanda cha Furaha usiku kucha, ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko kwa msumari. Kulipokucha Mama akaitoa ndoo uani, akaiweka miguuni pa Stamili, akasimama pembeni mikono kiunoni kama mtu aliyemaliza kazi yake na sasa anasubiri wenzake wamalize yao.

"Huyo hapo," alisema. "Kala mabaki ya ugali wa mdogo wako. Nimefunika ndoo kwa khanga aliyolalia. Mpime."

Stamili alikuwa anapiga mswaki kwa kikombe kimoja cha maji, maana hapa Mkunya, juu ya mlima, maji hayachezewi. Alitema povu pembeni ya ua.

"Nimpime nini, Mama?"

"Ubongo. Si juzi ulisema mwenyewe, huko Ujerumani unaangalia ugonjwa kwenye ubongo wa panya?"

Juzi ndiyo iliyoharibu mambo. Stamili alikuwa amekuja likizo, mtu wa kwanza katika ukoo mzima kusomea shahada ya uzamivu, na kila aliyekuja kumsalimia aliuliza swali lilelile: unasoma nini hasa? Alijibu mpaka akachoka. Mwisho, baada ya chakula, akatoa simu akawaonyesha filamu fupi aliyoipiga kwa hadubini. Ilikuwa ya kipande cha ubongo wa panya, chembamba kuliko utando wa kitunguu, kilichonyweshwa rangi. Akaeleza kwamba seli ya ubongo ikishtuka, kalsiamu inaingia ndani yake, hiihii iliyomo kwenye mifupa, na ile rangi ikikutana na kalsiamu inang'aa. Kila kidoa kinachowaka ni seli inayosema neno. Watu walitazama vidoa vya kijani vikiwaka na kuzima, wakanyamaza kwa adabu. Kumbe Mama alikuwa anapanga.

Wala hakulitoa jambo hili hewani. Mganga mmoja wa bondeni, kule Ruvuma, alishampitisha kuku juu ya kichwa cha Furaha, akamchinja kuku huyo, akasoma matumbo yake. Kama kuku aliweza kubeba kifafa cha mtu, panya aliyelala naye chumba kimoja angeshindwaje?

Bonifasi alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, akisubiri ndoo yake. Huyu ni jirani yao, na kazi yake ni kuchimba panya mashambani na kuwauza wa kuchoma, wamepangwa kwenye vijiti kando ya barabara ya Newala.

"Dokta," alisema, "huyo nimemwacha na roho yake kwa heshima ya usomi wako tu. Wenzake wote wako kwenye vijiti."

"Kaka Bonifasi, mimi si dokta wa watu."

"Ndiyo, wa panya. Miaka yote hiyo umesomea kuwapaka rangi. Sisi tunawapaka chumvi, na tunashiba."

Furaha alikuwa mlangoni na futi ya kushonea shingoni. Alicheka mpaka akaegemea mwimo. Stamili naye akacheka, kisha akaacha, kwa sababu Mjomba Fikirini alikuwa anaingia uani.

Baba yao alifariki zamani, lakini hata angekuwepo, neno la mwisho lingebaki kwa Mjomba. Ukoo wao watoto ni wa upande wa mama, na binti haolewi mpaka kaka wa mama yake aseme.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umeshampima?"

"Haiwezekani, Mjomba. Hiyo rangi iko Ujerumani, ndani ya friza. Ikipata joto au mwanga inaharibika."

"Rangi gani inaogopa jua? Hata shati langu hili la mtumba linaanikwa."

"Tena ziko mbili. Moja inafuata kalsiamu, ndiyo mliyoiona. Nyingine inakaa kwenye ngozi ya seli na kufuata umeme wenyewe. Hiyo mwanga wake hafifu na unapita haraka mno. Ukizidisha kuimulika inachuja, na seli inakufa."

"Unamulika mpaka anakufa," alisema Bonifasi. "Kama sisi na tochi."

"Nyamaza wewe," Mjomba alimwambia, kisha akamgeukia Stamili. "Sasa Ijumaa tutawaambia nini wale watu?"

Wale watu walikuwa wakwe. Abdulrazaki, kijana wa Masasi anayepima uzito kwenye ghala la korosho, alikuwa amemposa Furaha. Lakini wazee wake walishasikia fununu kwamba binti huanguka, na Ijumaa walikuwa wanapanda huku juu kusikia ukweli. Mjomba alikwisha kuwatumia ujumbe kwamba dada wa binti ni bingwa wa ubongo, ametoka Ulaya kuja kumpima, na majibu yatakuwa tayari.

"Umewaambia mimi nitampima?"

"Ningewaambia nini? Kwamba ukoo mzima uliuza korosho kusomesha mtu, na mtu mwenyewe kasoma halafu hajui?"

Bonifasi aliinuka, akachukua ndoo yake na panya akiwa ndani. "Huyu naondoka naye," alisema. "Hapa hana kazi."

*

Mchana Furaha alikuwa barazani anashona sare za shule. Mguu wake ulipiga cherehani kwa mwendo mmoja, lakini mara mbili alipitiliza mshono akalazimika kuufumua. Stamili aliketi kwenye mkeka akamtazama.

"Kidonge umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Furaha."

Mguu ukasimama. "Sijanywa. Tangu juzi."

"Kwa nini?"

"Shangazi yake Abdulrazaki, Bi Mwanakombo, atalala hapa Ijumaa. Mjomba anasema yule mama atapekua mpaka chini ya godoro. Bibi harusi mwenye dawa ya kila siku, nani atamwambia amepona?"

"Hujapona."

"Sijaanguka tangu msimu wa korosho uliopita."

"Kwa sababu ya vidonge! Tena hivi haviachwi ghafla. Ukiviacha ghafla unaweza kuanguka vibaya kuliko zamani."

"Wewe umejuaje? Umeniona ndani?"

Kule maabara angemwita mtu yeyote aje achungulie kwenye hadubini, na ubishi ungekwisha. Hapa mgonjwa alikuwa amekaa mbele yake, fuvu limefungwa, kilemba juu, na yeye hakuwa na kitu mkononi isipokuwa simu. Akaitoa.

"Njoo utazame. Juzi niliwaonyesha ile ya kawaida. Hizi sikuwaonyesha."

Zilikuwa filamu mbili za kipande kimoja. Katika ya kwanza Stamili alikuwa ameweka kemikali inayoondoa breki za seli. Vidoa viliwaka vyote kwa mpigo, vikazima, vikawaka tena, mawimbi kwa mawimbi, mpaka kioo chote cha simu kikawa kijani kitupu. Katika ya pili alikuwa ameongeza dawa ya jamii moja na vidonge vya Furaha. Kidoa kimoja huku, kingine kule, katikati giza.

"Ya kwanza ndiyo kuanguka," Stamili alisema. "Seli zote zinapiga kelele kwa wakati mmoja, hakuna inayosikiliza. Ya pili ndiyo kidonge."

Furaha alizitazama tena na tena, uso karibu na kioo. "Ya kwanza ndiyo nzuri zaidi kutazama."

"Ndiyo. Hata sisi tunaitana kuja kuiona."

"Na dawa ukiiosha ikatoka?"

Stamili alitamani asingeulizwa hilo. "Inarudi kama mwanzo."

"Kila mara?"

"Kwenye kile kipande, kila mara."

"Kwa hiyo unaniambia sitapona."

"Sijasema hivyo. Kuna watu wanatumia miaka kadhaa, halafu daktari anawapunguzia taratibu, na hawaanguki tena. Wengine wanatumia daima. Wewe uko kundi gani, mimi siwezi kujua."

"Kuna watu, au kuna panya?"

"Watu, Furaha."

"Haya." Akarudi kwenye cherehani, lakini hakupiga mguu. "Nitumie zote mbili kwenye simu yangu."

Stamili akamtumia. Akasubiri amwone anaingia ndani kufuata kidonge. Furaha akachukua sare nyingine akaanza kukunja pindo.

*

Alhamisi Furaha alitumwa maji kwenye tangi la jirani, lile la kukinga mvua, ambalo maji yake huuzwa kwa ndoo. Alirudi na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika. Katikati ya ua akasimama. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutazama mtu, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayetafuna. Kisha mkono ukaachia.

"Maji!" Mama alipiga ukelele. "Maji jamani!"

Maji yalitambaa juu ya udongo mwekundu, udongo ukayanywa. Furaha alipepesa macho, akatazama sketi yake iliyolowa.

"Nani kamwaga?" akauliza.

Mama akaenda kuchukua ufagio, akaanza kufagia mahali ambapo hapakuwa na cha kufagia.

"Mama, umeona," Stamili alisema.

"Nimeona maji yamemwagika."

"Mkono umeteleza," alisema Mjomba Fikirini, aliyekuwa anakunywa uji barazani. "Ndoo ina mafuta."

Stamili alimfuata palepale. "Mjomba, kile ni kifafa. Kidogo, lakini ndicho. Kinakuja kikubwa. Mwambie arudie vidonge leo hii, wewe anakusikia."

"Wageni wakishaondoka, atarudia."

"Na kesho wakimkubali? Si ndiyo atavificha maisha yake yote? Akiangukia kwenye jiko la mkaa kule Masasi?"

"Atakuwa na mume. Mume atamtazama." Mjomba aliweka bakuli chini. "Stamili, mimi sikuombi damu. Nakuomba neno moja tu. Wakikuuliza, sema nimeona, hakuna kitu. Neno moja, tulilolisubiri miaka yote hiyo."

"Sijaona chochote mimi! Nina chombo gani cha kuonea?"

"Basi hata hapo hutadanganya. Hujaona kitu, si ndivyo? Sema hivyohivyo."

"Hiyo ni hila, Mjomba! Hila tupu!"

"Usimpandishie mjomba wako sauti," Mama alisema, bado anafagia.

Stamili alitoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, akapiga teke tuta mpaka kidole kikamuuma. Kule kazini, seli zikichafuka, alibadilisha maji ya chumvi zinamokaa na kuanza upya. Hapa hakujua aanze na nani. Mama alikuwa ameona kwa macho yake mawili na hakutaka kuona. Mjomba hakuwa mjinga hata kidogo. Na Furaha, ambaye ndiye mwenye kichwa, alikuwa anafua sketi yake kimya kwa maji yaliyobaki chini ya ndoo.

*

Wageni walifika Ijumaa baada ya swala. Walikuwa wawili: Mzee Jafari, mjomba wa Abdulrazaki, na Bi Mwanakombo, shangazi yake, mama mnene mwenye duka la vitenge Masasi mjini. Abdulrazaki mwenyewe hakuwepo, maana mwoaji haji kwenye maneno kama haya. Furaha naye alikaa chumbani, nyuma ya pazia.

Walisalimiana kirefu. Walikula wali na kuku. Bi Mwanakombo alisifu mchuzi, kisha akanawa mikono kwa maji kidogo sana, kama mtu anayejua yuko wapi.

"Tumeshiba, alhamdulillahi," alisema. "Sasa tuambieni. Binti anaanguka, haanguki?"

Mjomba Fikirini alikohoa, akatoa simu kwenye mfuko wa kanzu. Stamili aliitambua. Ilikuwa ya Furaha.

"Maneno matupu hayana faida," Mjomba alisema. "Huyu dada yake anafanya kazi na mitambo ya Ujerumani, inayopiga picha umeme wa ubongo. Jioneeni wenyewe. Huu ndio ubongo wa binti yetu."

Akabonyeza. Wageni wakainamisha vichwa. Stamili akanyoosha shingo kuona. Mjomba alikuwa na filamu mbili za kuchagua, na alikuwa amechagua ile ya kuanguka. Ndiyo iliyong'aa kuliko ile nyingine.

"Tazameni," Mjomba alisema. "Hakuna giza hata kona moja."

"Mashallah," alisema Mzee Jafari. "Sisi umeme unakatika kila jioni, kumbe mwenzetu anao wa kwake kichwani."

Wakacheka. Hata Mama alicheka, kwa kutulia roho.

"Mbona unawaka wote kwa pamoja?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Ndio uzima huo, dada yangu. Kila kitu kinafanya kazi." Mjomba akainua uso. "Stamili, waambie wageni. Neno moja."

Wote wakamtazama. Mama alimbana paja chini ya khanga. Stamili alijua akisema kweli, Mjomba ataonekana mwongo mbele ya watu aliowalisha. Akinyamaza, mdogo wake atashuka Masasi bila vidonge, na atakayemwokota sakafuni hatajua hata ni nini kimempata.

"Huo si ubongo wa Furaha," alisema. "Ni wa panya."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee Jafari aliiweka simu juu ya mkeka polepole, akafuta vidole kwenye kanzu.

"Panya," alisema Bi Mwanakombo. "Tumepanda mlima wote huu, mnatuonyesha panya?"

"Alikusudia..." Mama alianza.

"Na hapo alikuwa anaanguka." Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Furaha alitoka, kilemba hakijafungwa vizuri, na mkononi kikopo cha vidonge.

"Furaha! Rudi ndani!" Mjomba alifoka.

"Narudi, Mjomba. Shikamoo Mzee. Shikamoo Shangazi." Alipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka, akatoa kidonge, akakimeza bila maji. Kilimkwama kidogo, wote walikisikia kinashuka. "Ninaanguka. Hivi ndivyo vinavyonizuia. Wiki hii nimeviacha kwa ajili yenu, na jana nimemwaga ndoo nzima ya maji bila kujua. Nikija kwenu nitakuja navyo. Kama hamvitaki, msinichukue."

Bi Mwanakombo alimtazama kuanzia kilemba hadi magoti. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Dada naye hajui, nimeshamuuliza."

"Abdulrazaki analijua hili?"

"Analijua. Msimu uliopita niliangukia kwenye mizani yake, pale ghalani. Yeye ndiye aliyenishika kichwa."

Mzee Jafari aligeuka kumtazama Bi Mwanakombo. "Kijana hakutuambia."

"Angetuambia nini? Anatujua." Bi Mwanakombo alinyoosha mkono. Furaha akampa kikopo. Yule mama akakisogeza mbali na macho, akasoma maandishi, akakitikisa. "Hivi navifahamu. Mtoto wa jirani yangu anavitumia. Mnavipata wapi?"

"Zahanati hapa," Mama alisema haraka, akidhani mambo yamekuwa mepesi. "Vikikosekana tunashuka hospitali, hukohuko kwenu Masasi."

"Kwetu Masasi vilikosekana Ramadhani nzima. Yule jirani alizunguka maduka yote na yule mtoto mgongoni. Nilimwona kwa macho yangu akianguka dukani kwangu, kati ya vitenge." Akakirudisha kikopo mkononi mwa Furaha. "Mtu kuanguka nimeshaona. Sikuja kuogopa kuanguka. Nauliza hivi: vikikosekana tena, yeye akiwa kwangu, nitamkimbilia nani?"

Mjomba Fikirini alitazama mkeka. Mama alimtazama Stamili. Na Mzee Jafari naye akamtazama Stamili, na Furaha, bado amepiga magoti, akageuza shingo.

Stamili alijua dawa ile inashika wapi kwenye ngozi ya seli, na mlango gani inaufungua ili umeme utulie. Alikuwa amekaa miezi kwenye chumba cha giza kuliona jambo hilo likitokea. Kwa nini kikopo kinakuwa kitupu Masasi, gari gani linakileta na nani anaandika kwamba kimekwisha, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Sijui, Shangazi," alisema.

"Haya." Bi Mwanakombo aliegemeza mkono kwenye goti la Mzee Jafari, akajiinua. "Tuiteni siku mkijua. Mimi sitalala, nitawahi gari la alasiri. Mchuzi ulikuwa mzuri, Mama Stamili."

Walisindikizwa mpaka barabarani. Mjomba Fikirini hakurudi nao; alikata njia ya mikorosho kwenda kwake bila kuaga. Ukumbini Mama alikusanya sahani, akazipanga kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga tena.

"Umeniaibishia kaka yangu," alimwambia Stamili.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe!" Akamgeukia Furaha. Akakaa chini kwenye mkeka palepale, sahani mapajani. Kisha akauliza, "Humo vimebaki vingapi?"

Furaha alifungua kikopo, akachungulia. "Si vingi."

"Zahanati je?"

"Walisema tujaribu wiki ijayo. Hata wiki iliyopita walisema hivyo."

Mama alimtazama binti yake mkubwa, safari hii bila hasira, kama alivyomtazama asubuhi ile alipomwekea ndoo miguuni. "Basi toa simu yako hiyo," alisema. "Ipigie hospitali ya Masasi. Waulize vipo?"

Stamili alitafuta namba, akapiga. Furaha akasogea karibu ili asikie. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.